Dawa ya Maji: Tulijue Neno Kabla ya Kuichagua Dawa

Anayeitazama ramani ya Kenya hawezi kudhani kwamba wakazi wa Homa Bay na Migori wana shida ya maji. Kaunti hizi mbili zimepakana na Ziwa Viktoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Mto Kuja na Mto Migori hukutana na kuteremka pamoja hadi ziwani kupitia nyanda za Nyatike. Hata hivyo, ni katika ukanda huu huu ambamo kipindupindu hurejea kama mgeni aliyekwisha kuizoea njia. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za uliokuwa mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa maradhi hayo, na watu 547 wakafariki. Mapema mwaka 2015, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kukumbwa na mkurupuko ambao baadaye ulienea katika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2025 jina la Migori likasikika tena katika taarifa za ugonjwa huo.

Wataalamu waliouchunguza mkurupuko wa 1997 walibaini kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni watu waliokunywa maji ya ziwa au ya vijito, waliokula pamoja na mtu mwenye kuhara, na waliohudhuria karamu za matanga. Kwa maneno mengine, mauti yalipitia katika mambo ya kila siku ambayo hakuna mtu awezaye kuyaepuka: kunywa, kula na kuzika wafu wetu.

Kila maradhi haya yazukapo, redio na mabango hutuhimiza jambo moja: tieni maji dawa. Wito huo ni mwema, lakini haujitoshelezi. Mnunuzi aendapo dukani hukuta chupa ya klorini ya maji, vidonge, na vifuko vya unga. Jirani humwambia kuwa dawa ya hakika ni kuyachemsha. Mwanawe hurudi kutoka shuleni akisema kwamba mwalimu amewafundisha kuyaanika maji juani katika chupa. Je, aifuate ipi?

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hakuna dawa moja iliyo bora kwa maji yote. Iliyopo ni dawa ifaayo kwa maji haya, katika chombo hiki, kwa matumizi ya watu hawa. Na kinachotuzuia kuliona jambo hilo waziwazi, kwa kiasi kikubwa, ni lugha tunayoitumia kulizungumzia. Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi badala ya kuwaachia matabibu peke yao uwanja huu.

Tulitazame kwanza neno lenyewe, dawa. Tulilipokea kutoka Kiarabu, nasi tukalitwika kazi nyingi. Dawa ya kichwa hutuliza kichwa kinachouma. Dawa ya panya humwua panya. Dawa ya meno huyasafisha meno ambayo hayaugui. Dawa ya viatu haitibu wala haiui, bali hung'arisha tu. Muundo wa maneno ni ule ule, lakini uhusiano baina ya dawa na kile kinachoifuata hubadilika kila mara. Sasa tuulize: katika dawa ya maji, maji ni mgonjwa au ni adui? Yanatibiwa, yanauawa, au yanang'arishwa? Katika Kidholuo jambo hili lina kina zaidi, kwani yath ni mti na pia ni dawa. Asikiaye yadh pi huenda akawaza juu ya mizizi na majani ya kumponya mtu, ilhali kilichomo chupani ni kemikali ya kuua viini kabla havijamfikia mtu yeyote.

Utata huu si mchezo wa wanaisimu. Una matokeo matatu. La kwanza, mtu wa kawaida hujua kwamba dawa hupewa aliyeugua. Basi maji yakionekana maangavu, yasiyo na harufu, huhesabiwa kuwa mazima na kuachwa bila kutiwa chochote. La pili, mama mwenye mtoto mwenye afya ana haki ya kushtuka aambiwapo kuwa mwanawe atakunywa dawa kila siku ya maisha yake. Hapo ndipo uvumi hupata pa kuota. La tatu, aliyekwisha kutia dawa huamini kuwa amekwisha kumaliza kila dhara, kama vile dawa hiyo ni mganga wa maradhi yote.

Neno safi nalo lina lawama yake. Asili yake katika Kiarabu ni kitu kisicho na tope, kinachopenya nuru. Lakini viini vya kipindupindu havionekani kwa macho, na maji yaliyojaa viini hivyo yaweza kumetameta kama kioo. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, daktari John Snow alionyesha kwamba bomba moja la maji ndilo lililokuwa likieneza kipindupindu. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa huo, ambaye alikuwa akiletewa maji ya bomba lile kwa sababu alipendezwa nayo mno. Kwake yalikuwa maji mazuri kuliko mengine. Yalikuwa safi, salama hayakuwa. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo somo la kwanza ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili aweza kulifundisha leo hii bila kungoja vifaa vya maabara.

Tukishalielewa hilo, tutaweza kuchagua kwa akili. Maswali yafaayo kuulizwa ni matatu. Je, kilichomo katika maji haya ni nini? Je, baada ya kusafishwa yatakaa wapi na kwa muda gani? Na je, watumiaji watakubali kuyanywa kila siku, wala si wiki ya mkurupuko tu?

Tuanze na klorini, kwa kuwa ndiyo itumiwayo zaidi. Klorini huviua viini vingi vya kuhara, vikiwamo vile vya kipindupindu na homa ya matumbo. Sifa yake kubwa ni kwamba haimalizi kazi ikaondoka: kiasi kidogo hubaki majini kikilinda dhidi ya viini vitakavyoingia baadaye kwa kikombe au kwa kidole cha mtoto. Moto hauna sifa hiyo. Lakini klorini ina udhaifu wake. Haichagui adui, hupigana na kila kitu kilichooza au chenye uhai ikutanacho nacho. Maji ya Mto Kuja wakati wa masika, yaliyojaa tope, au maji ya Ghuba ya Winam yaliyogeuka kijani kwa mwani, huila klorini yote kabla haijavifikia viini. Kwa sababu hiyo, maji machafu hayana budi kuachwa yatulie, yamiminwe polepole na kuchujwa kwa kitambaa kizito ndipo yatiwe dawa, tena mara nyingi kwa kipimo maradufu kama kibandiko kinavyoagiza. Baada ya kutiwa, yangojwe kwa nusu saa. Yakiwa na harufu hafifu ya klorini baada ya muda huo, si kasoro hiyo. Ni ishara kuwa mlinzi bado yumo zamuni.

Vifuko vya unga vilibuniwa kwa ajili ya tope hasa, kwani ndani yake mna kitu cha kuligandisha tope lizame, pamoja na klorini ya kuviua viini. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005, lililofanyika magharibi mwa Kenya katika maboma 605 yanayotumia maji yenye tope, lilidhihirisha faida ya njia zote mbili. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kuhara kulipungua kwa asilimia 17 walikotumia klorini ya maji, na kwa asilimia 25 walikotumia unga huo. Vifo navyo vilikuwa vichache zaidi katika maboma yaliyotumia njia hizi kuliko katika yale ambayo hayakupewa chochote.

Kuchemsha ni njia ya kale na ya kuaminika. Maji yakitokota kwa dakika moja hufa hata vimelea vinavyoishinda klorini, kama kile kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho mwaka 1993 kiliwaugua tumbo watu zaidi ya 400,000 mjini Milwaukee, Marekani, ingawa maji yao yalikuwa yametiwa klorini. Lakini kuchemsha kunadai kuni au makaa, na ng'ambo ya ghuba kama katika vilima vya bara, kuni si kitu cha bure. Tena maji yaliyochemshwa yakimiminwa katika mtungi mchafu huwa yamerudi yalikotoka. Njia ya jua nayo haina gharama ila subira: chupa angavu ya plastiki hulazwa juani kwa saa 6, au kwa siku 2 ikiwa kumetanda mawingu. Haifai kwa maji yenye tope, kwa maana miale haipenyi.

Labda msomaji atadhani kuwa haya ni masumbuko ya mafukara. La, hasha! Katika hoteli za kitalii mna mabeseni makubwa ya maji moto ambamo wageni hukaa kujiburudisha, na mwenye hoteli hukabiliwa na swali lile lile: atie dawa ipi? Wengi hudhani kuwa joto lenyewe linatosha. Joto la kuogea, lisilozidi nyuzi 40 hivi, haliui viini, huvilea. Ugonjwa wa mapafu uliozuka Philadelphia mwaka 1976 katika mkutano wa maaskari wastaafu wa Marekani ndio uliowafunulia wataalamu bakteria ya Legionella, na baadaye ikafahamika kwamba mabeseni ya aina hii, yasipotunzwa, ni moja ya makao yake. Klorini hupungua upesi katika maji ya moto yanayotibuliwa. Bromini hustahimili joto zaidi, ijapokuwa bei yake ni ya juu. Pia klorini hudhoofika katika maji yaliyoelekea magadi, na hilo ni jambo la kukumbukwa karibu na chemchemi za maji moto za Homa Hills. Kumbe kanuni ya beseni la mtalii na ya mtungi wa mvuvi ni moja: yajue maji yako kwanza, kisha ichague dawa.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote. Migori ni nchi ya dhahabu. Katika Nyatike, tangu zama za mgodi wa Macalder hadi mashimo ya wachimbaji wadogo wa leo, watu wamekuwa wakilitafuta riziki lao mwambani. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikusanya dhahabu, na zebaki hiyo huvuja na kuingia ardhini na mitoni. Zebaki si kiini. Haina uhai wa kuondolewa. Klorini haiigusi, kuchemsha hakuiondoi, na jua haliidhuru. Ulimwengu ulilijua dhara lake kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 miongoni mwa watu waliokula samaki wenye sumu hiyo. Vivyo hivyo kwa sumu zinazotolewa na baadhi ya mwani wa kijani ziwani: ukiyachemsha maji hayo, sumu hubaki. Basi mzazi wa karibu na mgodi, au wa ufuo wenye ukoka wa kijani, aliyefundishwa kwamba "dawa ya maji huyafanya maji kuwa salama", amefundishwa nusu ya ukweli. Kwake dawa ni kubadilisha chanzo: maji ya mvua yaliyovunwa vyema, au kisima kilichopimwa. Neno moja, dawa, limefunika hatari mbili zisizo na udugu: viini, ambavyo huuawa, na sumu, ambayo haina budi kuepukwa.

Anayedhani kuwa natia chumvi nguvu za maneno na atazame upande wa kusini wa pwani yetu. Kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, wafanyakazi wa afya walishambuliwa na wananchi walioamini kuwa wanaeneza kipindupindu visimani. Mwanasosholojia Carlos Serra aliyachunguza matukio hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2003. Palikuwa na chuki za kisiasa na umaskini, lakini palikuwa pia na sauti ya maneno: katika Kireno, klorini ni cloro na kipindupindu ni cólera. Mwananchi aliyesikia kwamba cloro imeletwa kijijini, kisha akamwona jirani akiugua cólera, hakuhitaji ushahidi mwingine. Nasi nchini Kenya tunasema klorini, na wengi wetu husema kolera. Kuna herufi chache tu baina ya kinga na tauni. Mwalimu anayelitumia neno kipindupindu, na kuieleza klorini kwa kazi yake, hafanyi ukasuku wa lugha sanifu, anaziba ufa.

Wala tusiseme kuwa watu wa huku ni wagumu wa kufundishika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la CARE liliendesha mradi wa maji katika vijiji vya wakulima na wavuvi wa Nyanza, Homa Bay ikiwamo. Liliona kwamba akina mama wanapenda kuhifadhi maji katika vyungu vya udongo kwa kuwa huyapoza, lakini midomo yake mipana iliruhusu mikono kuzama ndani. Hawakuambiwa watupe vyungu vyao. Wafinyanzi walifinyanga vyungu vyenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo la kufungulia, na klorini ikauzwa pamoja navyo. Katika muda wa miezi 6 kiasi cha theluthi moja ya kaya zilikuwa zimeanza kutumia klorini. Funzo ni kwamba dawa ilipokelewa ilipokuja katika chombo ambacho watu walikwisha kukipenda. Na lugha nayo ni chombo.

Mwalimu afanye nini basi? Sera ya elimu nchini, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imependekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa ya chini. Hapa ndipo mahali pake. Mtoto wa Mbita au wa Karungu aelezwe kwa Kidholuo, wa Kuria kwa Kikuria, naye akifika madarasa ya juu akutane na maelezo yale yale kwa Kiswahili sanifu. Badala ya kukariri "tia maji dawa", akariri vitenzi vitano kwa utaratibu: tuliza, chuja, tia, ngoja, funika. Kila kitenzi ni tendo, na tendo likirukwa, yaliyotangulia hupotea. Mwanafunzi wa sayansi na asome kibandiko cha chupa kwa sauti na kukokotoa kipimo cha tangi la shule. Mwanafunzi wa Kiswahili na aandike upya maelezo hayo kwa lugha ambayo bibi yake ataielewa. Mtihani wa insha wa aina hiyo una faida kuliko insha mia za "Siku Nitakayoikumbuka".

Wakuu wa shule nao wana wajibu usiohitaji mjadala. Tangi la shule likiwa halina mtu maalumu wa kulitia klorini, lina wenyewe wengi na halina mwenyewe. Atajwe mtu, iwekwe siku, liwekwe daftari. Na shule iliyo jirani na machimbo idai kutoka kwa serikali ya kaunti kupimiwa maji yake kwa ajili ya zebaki, wala isiridhishwe na katoni ya vidonge, kwa maana vidonge hivyo havina jibu la swali hilo.

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Waliyatenganisha maneno hayo mawili kwa hekima, nasi tumeyachanganya tena katika neno dawa. Klorini ni kinga. Maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa wa kuhara ni tiba. Kukihama kisima chenye zebaki si kinga wala si tiba ya viini, ni hifadhi ya uhai. Mwanafunzi atakayetoka darasani akiyajua mambo matatu haya kwa majina yake atakuwa amejifunza sarufi ambayo haimo katika vitabu vingi vya sarufi. Na msimu wa mvua ujapo, maji ya Kuja yakageuka rangi ya udongo, atajua la kufanya kabla redio haijamwambia.